Sanamu za dinosaria wa Tendaguru: nitajuaje ipi imefuata mifupa na ipi ni urembo tu?

Mkusanyaji_Kusini

Wakuu, habari zenu. Nimeamua kuachana na dinosaria wa kila aina na kubaki na kundi moja tu: wale waliochimbwa Tendaguru, mkoani Lindi, na msafara wa Wajerumani kati ya 1909 na 1913. Kwenye orodha nina Giraffatitan, Kentrosaurus, Dicraeosaurus, Elaphrosaurus na Dysalotosaurus. Skeli niliyochagua ni 1:40, yaani sentimita 1 ya sanamu ni sentimita 40 za mnyama halisi.

Nina maswali mawili. Ukiishika sanamu mkononi, unaangalia nini kwanza ili ujue imefuata mifupa au mchongaji amejibunia? Nyingine zina magamba ya kuvutia kabisa, lakini wajuzi wanaziponda. La pili, sanamu za "Brachiosaurus" zimejaa kila mahali, ila zilizoandikwa Giraffatitan ni za kutafuta kwa tochi. Naweza kumweka Brachiosaurus mahali pake?

---

RulaMkononi

Nianze na la pili. Mara nyingi unaweza, ila soma kichwa cha mnyama, usisome jina lililoandikwa tumboni. Brachiosaurus wa Marekani alichimbwa Colorado, Elmer Riggs akampa jina mwaka 1903, na mifupa yake ilikuwa pungufu. Mnyama wa Lindi, mtaalamu wa visukuku wa Ujerumani Werner Janensch alipomweleza mwaka 1914, alimweka kwenye jenasi hiyohiyo kwa jina la Brachiosaurus brancai. Kwa kuwa huyu wa Lindi ndiye aliyekuwa na fuvu na mifupa mingi zaidi, wachongaji wa miaka yote wamemfuata yeye. Jina Giraffatitan lilipendekezwa na Gregory Paul mwaka 1988, na likashika hasa baada ya uchambuzi wa Michael Taylor wa mwaka 2009. Kwa hiyo ukiona kichwa chenye tao la mfupa lililonyanyuka juu ya pua, mbele ya macho, huyo ni wa Lindi hata kama boksi linasema vingine.

Sasa twende kwenye kupima. Sahau rangi kwa muda. Chukua rula na uzi.

Kiunzi kilichosimamishwa makumbusho ya Berlin kina kimo cha mita 13.27 na urefu wa kama mita 22. Kwa 1:40 sanamu iwe na kimo cha sentimita 33 na urefu wa 55 hivi, ukiulaza uzi juu ya uti wa mgongo kuanzia pua hadi ncha ya mkia. Usipime mstari ulionyooka, kwa sababu shingo na mkia vikiwa vimepinda utapata jibu la uongo. Tena urefu peke yake hautoshi, maana kampuni nyingi hufupisha mkia ili sanamu iingie kwenye boksi. Pima na mifupa: wa mkono wa juu, kutoka bega hadi kiwiko, ni sentimita 213, wa paja ni kama 196. Kwenye sanamu yako ni 5.3 na 4.9. Hata kama skeli si 1:40, uwiano haubadiliki: mkono wa juu unalizidi paja kidogo. Hapa ndipo sanamu nyingi za bei rahisi zinaumbuka. Bega limenyanyuliwa juu ili mgongo uteremke vizuri, lakini ukipima hadi kiwiko unakuta mkono mfupi kuliko paja. Huyo ni tembo aliyerefushwa shingo.

Ukimaliza, igeuze uangalie nyayo. Mguu wa mbele wa Giraffatitan ni nguzo: mifupa ya kiganja imesimama wima na kujipanga nusu duara, vidole havionekani, na kuna ukucha mmoja tu, wa dole gumba, upande wa ndani. Wa nyuma una kucha tatu zinazoelekea nje kidogo, na nyama nene kisiginoni. Sanamu yenye kucha tano kuzunguka kila mguu iache dukani. Kosa hilo halihitaji mjadala wa wataalamu, na ndilo linalorudiwa kuliko yote.

Tundu za pua ni suala la umri wa sanamu. Za zamani huziweka juu ya utosi, enzi za kuamini mnyama aliishi majini akichungulia. Tangu kazi ya Lawrence Witmer mwaka 2001, wengi huziweka mbele, karibu na mdomo. Mkia unaoburuzwa na viwiko vilivyotanuka navyo ni alama za zamani. Hata kiunzi cha Berlin kilichosimamishwa mwaka 1937 kilikuwa hivyo hadi kiliposimamishwa upya mwaka 2007. Ukiwa na sanamu ya miaka ya themanini iliyofuata mtindo huo, ihukumu kwa elimu ya wakati wake.

Shingo kusimama wima au kulala mbele, hapo sipunguzi alama. Wataalamu wenyewe bado wanavutana.

---

BintiLindi

Mkuu RulaMkononi amemaliza kwa Giraffatitan. Niongeze wale wengine, kwa sababu huko ndiko utapigwa.

Kentrosaurus ana urefu wa kama mita 4.5, yaani sentimita 11 tu kwa 1:40. Zinazouzwa nyingi ni kubwa kuliko hapo. Yenye sentimita 18 iko kwenye 1:25, na ukiiweka karibu na Giraffatitan wako wa kimo cha 33 itaonekana kama baba mdogo wake. Ukiwa mkali wa skeli, tafuta zile ndogo za mfuko au za seti. Ukikubali skeli mbili, mtenge kwenye rafu yake. Mimi ningechagua la pili, maana zile ndogo hupoteza umbo la miiba.

Miiba yenyewe ikague hivi. Shingoni na mabegani kuna vibao vidogo, viwiliviwili, vinavyozidi kuwa vyembamba kadiri unavyorudi nyuma. Katikati ya mgongo vinageuka miiba, na miiba inaendelea kiunoni hadi mwisho wa mkia. Mchongaji mvivu huchukua vibao vipana vya Stegosaurus, ndugu yake wa Marekani, akavibandika hadi kiunoni, kisha akaweka miiba minne mkiani. Hapo umenunua Stegosaurus mwenye jina la Kentrosaurus.

Halafu kuna ule mwiba mrefu wa ubavuni. Hapo mwanzo uliwekwa nyongani. Baadaye stegosauri (jamii ya Kentrosaurus) wa China, hasa Gigantspinosaurus, waliwafanya wengi wakubali kwamba mahali pake ni begani. Sanamu yenye mwiba nyongani inafuata mtazamo wa kale. Isiyo nao kabisa ina upungufu. Yenye nao pande zote mbili, begani na nyongani, imebahatisha.

Dicraeosaurus: mita 12 hivi, kwa hiyo sentimita 30. Hakikisha shingo ni fupi kwa mnyama wa jamii ya sauropodi, wale wakubwa wa miguu minne na shingo ndefu kama Giraffatitan. Mifupa ya shingo na mgongo ina vijiti virefu vilivyogawanyika mara mbili kwa juu, lakini si virefu kama vya Amargasaurus wa Argentina. Ukiona safu mbili za miiba mitupu inayochomoza shingoni, mchongaji ameazima Argentina. Tuta la nyama linalopita juu ya mgongo linakubalika zaidi.

Elaphrosaurus fuvu lake halijapatikana, kwa hiyo kichwa chochote utakachoona ni makisio, na usimpe wala usimnyang'anye mtu alama kwa kichwa. Mhukumu kwa mwili: mrefu, mwembamba, wa chini, shingo ndefu, mikono midogo. Zamani alichorwa kama ndugu wa wale dinosaria wanaofanana na mbuni. Uchambuzi wa mwaka 2016 wa Rauhut na Carrano ukamweka kwenye tawi la noasauridi, kundi jingine la dinosaria wa miguu miwili. Sanamu yenye mikono mirefu ya kushikia ni ya mtazamo wa zamani.

Dysalotosaurus ni jamii ya Dryosaurus. Hatakiwi kuwa na mwiba wa dole gumba kama Iguanodon. Ukikosa kabisa sanamu yake, Dryosaurus mzuri anashika nafasi bila aibu.

---

Fundi_Rangi

Nami niseme neno kuhusu magamba, maana muuliza swali ameyataja. Kwenye 1:40, gamba lenye upana wa milimita 2 ni gamba la sentimita 8 kwa mnyama halisi. Mabaki ya ngozi ya sauropodi yanaonyesha magamba madogo kuliko hapo, kwa hiyo kwa skeli hii ngozi ilitakiwa iwe karibu laini, yenye mikunjo tu penye viungo. Magamba makubwa yanauza, basi. Jicho nalo ni hivyohivyo: la milimita 5 ni jicho la sentimita 20.

Kingine ni ngozi iliyobanwa kwenye mfupa hadi matundu ya fuvu yanaonekana kwa nje. Wengi husema "kachongwa kwa undani sana" kumbe hana nyama. Mnyama hai ana misuli ya taya, mafuta, na koo.

Rangi hakuna anayeijua kwa hawa wa Tendaguru, kwa hiyo msigombane. Angalia tu kazi: rangi ya jicho imekaa ndani ya jicho? Kucha zimepakwa bila kumwagikia kidole? Mshono wa kalibu umesuguliwa au unakwaruza kidole ukiupitisha tumboni?

---

Mkusanyaji_Kusini

Shukrani sana wakuu. Nyongeza mbili: wauzaji wengi nanunua kwao kwa picha tu, nitapimaje hapo? Na hizi za miguu miwili zinaegemea mbele baada ya muda, dawa yake nini?

---

RulaMkononi

Mwombe muuzaji picha ya ubavu kabisa, simu iwe usawa wa tumbo la sanamu, asimame mbali kama mita moja na nusu kisha avute kwa zumu. Akipiga kwa karibu, sehemu iliyo karibu na kamera inavimba na zilizo mbali zinasinyaa, uwiano wote unaharibika. Ukiwa na picha hiyo, pima mkono wa juu na paja kwenye skrini. Hesabu ya uwiano haijali ukubwa wa picha. Picha ya pili iwe ya nyayo, ya tatu iwe ya maandishi ya tumboni.

Kwenye maandishi unatafuta jina la kampuni, mwaka na nchi. Kopi hutengenezwa kwa kuchukua sanamu halisi na kuizungushia kalibu mpya, na plastiki inaponywea ikipoa, kopi hutoka ndogo kidogo kuliko asili, kingo zimefifia, na mahali palipokuwa na nembo pana kiraka laini. Linganisha urefu na ule uliotangazwa na kampuni. Ikipungua kwa milimita kadhaa na nembo haipo, jibu unalo. Kama watoto nao watazishika, kopi isiyojulikana ilikotoka sishauri. Umoja wa Ulaya umebana vilainishi vya plastiki vya aina ya ftaleti kwenye vitu vya kuchezea visizidi asilimia 0.1, na sanamu isiyo na jina la mtengenezaji hakuna anayeidhamini kwa hilo.

---

Fundi_Rangi

Kuegemea: hiyo ni PVC laini, plastiki inayotumika kwa sanamu nyingi. Joto linailegeza, na uzito wote wa mnyama wa miguu miwili uko kwenye vifundo viwili vyembamba. Mara nyingine imepinda tangu kiwandani kwa sababu ilifungwa kwenye mfuko kabla haijapoa.

Chemsha maji, yaache yatulie dakika chache yafike nyuzi 80 hivi. Zamisha miguu tu, sekunde 30 hadi 60. Usizamishe sanamu nzima, mkia na vidole vitajikunja. Ukiitoa, mara nyingi mguu utajirudisha wenyewe kwenye umbo la kalibu. Usiporudi, usukume taratibu, upitishe kidogo mahali unapotaka kwa sababu utarudi nyuma, kisha uingize kwenye maji ya barafu dakika mbili ukiwa umeushikilia. Vaa glovu. Ikiwa ni ya uwazi ndani, maji yataingia kwenye mishono na kuleta ukungu, kwa hiyo hiyo tumia drai ya nywele kwa mbali badala ya maji.

Kwa joto la Dar au Mtwara itaegemea tena, hilo usijidanganye. Weka kijiti cha plastiki angavu chini ya kifua, kibebe uzito. Ndiyo sababu kampuni nyingine hutoa sanamu na kitako chake, na nyingine hukuza nyayo kupita kiasi. Nyayo kubwa zikikukera, bora kitako.

Ikianza kunata, kilainishi kinatoka ndani ya plastiki. Osha kwa maji vuguvugu, sabuni ya maji na mswaki laini, kausha, pitisha poda kidogo. Tina na dawa ya kutoa rangi ya kucha usiziguse, zinakula rangi na plastiki pamoja. Usizihifadhi zikigusana na yale maboya meupe ya kupakia televisheni, kilainishi kinayayeyusha na yanagandia ngozi. Rafu iwe mbali na dirisha la jua.

---

BintiLindi

Na kabla hujalipia Elaphrosaurus au mla nyama mwingine yeyote, angalia viganja. Vinatakiwa vitazamane, kama mtu anayetaka kupiga makofi. Vikiangalia chini, mkono huo usingewezekana bila kuvunja kifundo, na utavikuta hivyo hata kwenye sanamu za bei mbaya.