Kukata DVD za kwanjula na kuweka menyu bila kuharibu sauti

Binti_Jinja
Wakuu, naomba msaada. Nina DVD mbili za kwanjula (sherehe ya Kiganda ya kumtambulisha mchumba kwa familia) zilizorekodiwa nyumbani kwa mashine ya kurekodi DVD, kamera ikiwa imeungwa kwa waya za AV. Nataka kuondoa sehemu za kungoja, kinachobaki (kama saa 1 na dakika 50) kiingie DVD moja, halafu menyu yenye picha ya familia na vitufe vinne: mapokezi, zawadi, hotuba, ngoma. Nilikuwa nafungua kila VOB (faili ya video iliyo ndani ya DVD) peke yake na kuikata. Sasa sauti imekuwa ya chini kuliko ya mwanzo, na baada ya nusu saa hivi midomo na maneno haviendi pamoja. Kosa liko wapi?

Fundi_Kisenyi
Dada, hayo ni makosa mawili tofauti. Mimi nazungumzia la midomo, la sauti kushuka namwachia Sauti48.

Hizo VOB zako, VTS_01_1, VTS_01_2 na kuendelea, si klipu zinazojitegemea. Ni rekodi moja iliyogawanywa kwa sababu VOB haipiti GB 1, na mpaka unaweza kuangukia katikati ya neno. Zipakie zote kwa pamoja, kwa mpangilio wake. VTS_01_0 ni menyu ya zamani, iache. Kama kompyuta haiisomi diski kabisa, irudishe kwenye mashine iliyoirekodi uifunge kwa "Finalize".

Sasa hesabu yenyewe. Picha ya PAL (mfumo wa TV wa huku kwetu) ina fremu 25 kwa sekunde, yaani kila fremu ni milisekunde 40. Sauti ya AC-3 (sauti iliyobanwa ya DVD) inakaa kwenye vipande vya milisekunde 32, na kipande hakikatwi nusu. Kwa hiyo kila unapokata, mwisho wa picha na mwisho wa sauti havikutani sawasawa. Inabaki tofauti ndogo isiyofika milisekunde 32. Mkato mmoja hakuna anayeuona. Mikato kumi inayoegemea upande mmoja inaweza kukupeleka milisekunde 200, na hapo msemaji wa ukoo anafumba mdomo huku bado anaongea.

Tumia ProjectX. Ni ya bure, inahitaji Java. Pakia VOB zote, weka alama za mwanzo na mwisho wa kila sehemu unayoitaka, kisha chagua demux (kutenganisha picha na sauti). Utapata faili ya .m2v ya picha na ya .ac3 ya sauti, na hiyo tofauti inasawazishwa njiani, haijilimbikizi. Soma logi mpaka mwisho: ikionyesha imejaza au kuondoa vipande vingi vya sauti mahali pamoja, pana mkwaruzo kwenye diski. Isafishe, uinakili upya.

Usilazimishe mkato uangukie fremu yoyote unayotaka. Kata kwenye fremu ya I (fremu iliyohifadhiwa nzima, isiyotegemea nyingine), inayokuja takriban kila nusu sekunde. Kuipata fremu nyingine yoyote ni lazima ubane picha upya.

Kijana_Mbarara
Kwa nini asigeuze tu kuwa MP4, akate kwa programu ya simu, halafu arudishe DVD? Ni rahisi zaidi.

Sauti48
Rahisi, ndiyo, ila hapo umebana picha na sauti mara mbili, kwenda na kurudi. Ngoma ndizo zinaumia kwanza: engalabi inapoteza ule mlio mkali wa kiganja, inabaki kishindo tu.

Dada, sauti yako imeshuka kwa sababu programu imeibana upya. AC-3 hubeba namba inayoitwa dialnorm, inayoiambia deki ipunguze sauti kiasi gani. Ikiandikwa -31, deki haigusi sauti. Ikiandikwa -27, inapunguza desibeli 4 bila kukuuliza. Programu nyingi huweka namba yao wenyewe.

Dawa ni kutobana. Kwenye DVDStyler (programu ya kutengeneza DVD na menyu) ingiza .m2v na .ac3 yake, fungua sifa za kila rekodi, uchague "Copy" kwa picha na kwa sauti, zote mbili. Wengi wanabadilisha ya picha wanasahau ya sauti.

Na usishawishike kugeuza AC-3 kuwa PCM (sauti isiyobanwa) eti ni bora. Kilichopotea hakirudi. Saa moja ya AC-3 ya 256 kbps ni kama MB 115, ya PCM ni MB 691. DVD ya GB 4.7 kompyuta inaihesabu 4.37 tu, na saa yako 1:50 iliyorekodiwa kwa SP (ubora wa kawaida wa mashine ya kurekodi) tayari inakula karibu 3.8.

Muziki wa menyu uwe 48 kHz. Wimbo wa CD ni 44.1, ubadilishe kwanza.

Mzee_wa_Menyu
Picha ya menyu itengeneze kwa 768×576, kisha ukimaliza ipunguze upana iwe 720×576. Ukiichora moja kwa moja kwa 720, kwenye TV nyuso zote zitanenepa. Acha ukingo wa pikseli 72 kushoto na kulia, 58 juu na chini, maana TV za zamani hula pembeni. Mistari myembamba ya kulala hucheza, inenepeshe. Rangi ya kitufe kinapochaguliwa iwe moja, bila vivuli: tabaka hilo lina rangi nne tu, ukihesabu na ile ya uwazi.

Toa ISO (faili moja yenye DVD nzima) kwanza, uijaribu kwa VLC, bonyeza kila kitufe. Ndipo uchome DVD-R kwa 4x au 8x, betri ya laptopu ikiwa imejaa. Umeme ukikatika katikati, diski hiyo ya kutupa.

Binti_Jinja
Asanteni sana wakuu. Ila MediaInfo, programu ya kusoma taarifa za faili, inaonyesha diski ya pili ni 352×576, ya kwanza ni 720×576. Nadhani hii ya pili ilirekodiwa kwa LP, ule ubora wa chini wa kurekodi muda mrefu. Zitakaa pamoja?

Mzee_wa_Menyu
Zitakaa, ila si ndani ya titleset (kundi la video ndani ya DVD) moja, kwa sababu humo video zote zinatakiwa kuwa na ukubwa mmoja. Ongeza titleset ya pili uiweke hiyo ya LP. Menyu yako ya vitufe vinne usiiweke ndani ya titleset yoyote, iweke kwenye VMGM (menyu kuu ya diski nzima): kutoka hapo ndipo kitufe kinaweza kuruka kwenda titleset zote mbili.