Hermann von Wissmann alipandaje cheo hadi kufika Kibosho?

Swali (Moshi mjini): Ndugu zangu, nafundisha historia sekondari, na wanafunzi wanataka kujua jinsi ofisa wa Kijerumani aliyempiga Mangi (mtawala) Sina wa Kibosho mwaka 1891 alivyopata kukabidhiwa vita vya nchi nzima.

Jibu: Mwalimu, Wissmann, aliyezaliwa mwaka 1853, alikuwa luteni tu wa kikosi cha Rostock, na kilichompa jina ni safari ya 1880 hadi 1882, alipoivuka Afrika kutoka Luanda hadi Saadani. Ndiyo maana watu wa pwani walipoinuka dhidi ya Wajerumani chini ya Abushiri, Bismarck, kansela wa Ujerumani, alimchagua yeye, naye akaajiri askari Wasudani kutoka Misri. Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Jibu (Kibosho): Naomba kuongezea, Mwalimu, jambo ambalo wanafunzi wasilikose: Wissmann hakupanda mlima huu wa Kilimanjaro peke yake, kwa kuwa Mangi Rindi wa Moshi, hasimu wa Sina, alikuwa upande wa Wajerumani, na bila uhasama huo boma la Sina, lenye kuta za mawe, lingewasumbua zaidi. Hata hivyo, ugavana wa koloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani alipewa von Soden mwaka uleule wa 1891. Wissmann aliupata mwaka 1895, akauacha 1896.