Hiace 3L: geji ya joto inapanda nikiwasha taa, na mlimani pia. Inachemsha kweli?

Dereva_Mwandiga: Wakuu, habari. Hiace ya zamani, injini ya 3L. Kigoma mjini sindano inakaa chini kidogo ya nusu. Kupanda kwenda Kasulu na abiria kamili inafika robo tatu, tukishuka inarudi. Ila usiku nikiwasha taa inapanda hata tambarare. Maji hayapungui. Fundi anataka kufungua silinda hedi (kichwa cha injini). Nimruhusu?

UmemeWaGari: Bado, mkuu. Taa haziwezi kuchemsha maji, hiyo ni ethi mbovu (njia ya umeme kurudi nagetivu ya betri kupitia bodi na injini). Taa zikiwaka, geji ya mafuta nayo inapanda?

Dereva_Mwandiga: Ndiyo, kidogo.

UmemeWaGari: Zikipanda zote mbili, tatizo ni ethi yao ya pamoja. Basi anza na ethi ya dashibodi, na ule waya mnene wa betri kwenda injini na bodi. Kwangua kutu, kaza. Weka mita kati ya injini na nagetivu ya betri, taa zikiwaka: ikizidi volti 0.2, waya haupitishi vizuri.

Kisha pima geji. Switi ikiwa ON, chomoa waya wa sensa ya joto iliyofungwa kwenye injini: sindano ilale C (upande wa baridi). Unganisha waya huo na bodi kupitia balbu ndogo ya wati 3.4: ipande. Ikitii, geji na waya ni vizima, anayebaki kushukiwa ni sensa. Ukifunga sensa usiizungushie tepu nyeupe nyingi, maana inapata ethi kupitia nyuzi zake.

Rejeta_KGM: Ethi isikusahaulishe mlima. Robo tatu kwenye mpando halafu kurudi, mara nyingi ni rejeta iliyoziba au klachi ya feni (kiungo kinachoizungusha feni) iliyolegea. Hakikisha kwa kipimajoto cha kumulika, pale kwenye nyumba ya thamostati (vali inayofungulia maji ya moto kwenda rejeta). Kagua na mfuniko wa rejeta: Kigoma maji yaliyo wazi huchemka kama nyuzi 97, mfuniko mzima wa presha ya baa 0.9 unayafikisha zaidi ya 110. Raba ya mfuniko ikikatika, yanachemka mapema na kumwagika.

Sindano ikianguka ghafla kuelekea C katikati ya mlima, usifurahi. Huenda maji yameisha, sensa inapima hewa, na injini inaungua. Simama hapo hapo, zima, na mfuniko usiguswe mpaka hozi ya juu ishikike kwa mkono.

Silinda hedi ifunguliwe tu kama rejeta inatoa mapovu mfululizo injini ikiwa imewashwa ila bado ya baridi, au maji yanapungua bila kuvuja.