Umeme umerudi, risiva inaandika PROTECT na kuzima. Nianzie wapi?

KitiChaMbele
Wakuu, habari za saa hizi. Naombeni msaada kabla sijaharibu zaidi.

Jana usiku tuko katikati ya filamu, umeme ukakatika. Ukarudi, ukakatika, ukarudi tena, yote ndani ya dakika moja. Huo wa mwisho ulikuja na nguvu, taa ya sebuleni ikang'aa mpaka watoto wakapiga kelele, kisha ikatulia. Tangu hapo risiva ya sauti, ile inayoendesha spika zote, nikiiwasha inalia "tak", kioo kinaandika PROTECT, inazima yenyewe. Nimejaribu kama mara kumi. Subwufa ndiyo kimya kabisa, hata kile kitaa chake cha nyuma hakiwaki. TV inawaka bila shida. Vyote vilikuwa kwenye ekstensheni moja, ile ya kuzuia umeme mkubwa. Risiva ndiyo imeungua?

FundiMstaafu
Kwanza acha kuiwasha, mkuu. Mara kumi zimetosha. PROTECT haina maana kwamba imekufa. Inakataa kupeleka umeme kwenye spika kwa sababu imehisi kuna kitu hakiko sawa. Kama transista za kutoa sauti zimepiga shoti, kila ukiilazimisha unamwongezea fundi kazi.

Chomoa kila kitu ukutani. Sisemi kuzima kwa rimoti, nasema kuchomoa. Iache nusu saa kapasita zipoteze chaji. Halafu toa nyaya zote za spika, toa HDMI zote, iwashe ikiwa na waya wa umeme tu. Ikiwaka ikabaki imewaka, ugonjwa uko nje: spika au nyaya zake. Ikizima tena, ugonjwa uko ndani, na usifungue mfuniko mwenyewe. Kapasita kubwa za mle zinaweza kukurusha hata plagi ikiwa mkononi mwako.

MamaSinema
Hiyo ekstensheni je, ina kitaa cha kuonyesha kinga bado ipo? Ndani yake kuna varista, ndiyo inayomeza umeme wa ziada. Kila ikimeza inachoka kidogo, siku moja inakwisha. Soketi zinaendelea kutoa umeme kama kawaida, ila kinga hakuna tena.

KitiChaMbele
Nimeinama nikaangalia. Kitaa cha kijani kimezima. Sijui tangu lini, sikuwahi kukitazama.

KimyaKimya
Kwa hiyo mlinzi alishakufa, wewe unaona koti lake limening'inia getini unalala usingizi.

KitiChaMbele
😂 Ndiyo hivyo.

Haya, mrejesho. Nimeivua risiva nyaya zote: imewaka na haijazima! Nikawa narudisha spika moja moja, nikichomoa umeme kila mara. Nilipofika ya nyuma kushoto, tak. Nikamulika kwa tochi. Uzi mmoja wa waya, mwembamba kama unywele, umechomoza kwenye tundu jekundu ukagusa jeusi. Hapo ndipo nikakumbuka kwamba jana gizani nilijipenyeza nyuma ya kabati kutafuta plagi, nikaegemea zile nyaya. Yaani hilo ni langu, umeme nimeusingizia.

Ila sauti ya TV haifiki kwenye risiva kwa ile HDMI ya ARC, ile njia ya kurudisha sauti kutoka TV. Picha inapita vizuri. Na subwufa bado.

FundiMstaafu
Safi, pole kwa unywele huo. Uusokote vizuri na wenzake ndipo uuingize.

Kwenye ARC anza na menyu za TV na risiva. Baadhi ya mashine umeme ukizikatikia vibaya zinarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na ARC inaweza kuwa imejizima. Kisha jaribu kebo nyingine. Picha kupita haithibitishi kwamba ARC ni nzima, maana sauti hiyo inayorudi hutumia pini zake, ya 14 na ya 19. Zikiungua saketi za huko, unabaki na picha bila sauti.

Ikishindikana, tumia kebo ya optiko. Inapitisha mwanga, si umeme, kwa hiyo umeme mkubwa hauwezi kuruka kutoka TV kwenda kwenye risiva kupitia humo. Utapata Dolby Digital ya 5.1, yaani spika tano na subwufa. Atmos, ile sauti inayotoka hata juu ya kichwa, utaikosa.

Subwufa: kwa kawaida fyuzi iko karibu na tundu la waya wa umeme. Chomoa kwanza. Weka yenye ampia zilezile na herufi ileile. T ni ile inayochelewa kukatika. Usije ukaziba na waya wala karatasi ya foili, utaunguza transfoma.

Pazia_Jeupe
Nadandia uzi kidogo. Mimi ni projekta ya taa, umeme ukikatika feni inasimama taa ikiwa moto. Nifanyeje?

MamaSinema
Usikimbilie kuiwasha umeme ukirudi, iache ipoe kabisa. Ukiweza, iwekee UPS, ile betri ya akiba, yake peke yake. Si ya kumalizia filamu! Ni ya kukupa nafasi ya kuizima vizuri, feni imalize kupoza.

KitiChaMbele
Mrejesho wa mwisho. Menyu ziko sawa, kebo nimebadilisha, ARC hakuna. Optiko imekubali mara moja. Fyuzi ya subwufa nimeweka mpya, T na ampia zilezile, ikapasuka palepale na kioo chake kikawa cheusi tii. Sikurudia. Imeenda kwa fundi. Ekstensheni nimeitupa, na sasa umeme ukikatika nachomoa zote. Ukirudi nangoja taa zikae dakika kumi bila kucheza ndipo nachomeka.

FundiMstaafu
Fyuzi ikifa hivyo, shoti iko mbele yake, umefanya vizuri kuacha. Ila wakati subwufa haipo, ingia kwenye menyu ya risiva uiambie hamna subwufa, na spika za mbele uziweke upande wa kubwa. La sivyo besi yote inatumwa kwenye tundu lisilo na kitu.

KitiChaMbele
Kumbe! Ndiyo maana jioni hii milipuko ilikuwa inasikika kama mtu anagonga meza kwa kidole. Naenda kubadilisha sasa hivi.