MREJESHO: Kujaza risasi mwenyewe kunaokoa hela?

Wakuu, nimerudi. Miezi minane iliyopita niliuliza kama kujaza risasi nyumbani, yaani kuunda risasi upya kwa ganda lililokwisha kutumika, kunaokoa hela kwa sisi tulio huku Texas tunaowinda kulungu. Asanteni wote mlionijibu.

Vifaa vya mwanzo, yaani mashine, mizani, daizi (vyuma vya kurudishia ganda umbo lake) na kitabu cha vipimo, vilinila dola 480. Bunduki yangu ni ya risasi za ukubwa wa .308, na risasi nzuri ya dukani ni dola 2 kila moja. Nikijaza mwenyewe: kichwa cha risasi senti 45, fataki (kile cha kuwashia baruti) senti 8, baruti senti 28. Ratili moja ya baruti ina greni 7,000 (greni ni kipimo kidogo cha uzito), kwangu inatoa risasi 160 hivi. Ganda narudia lile lile. Jumla senti 81.

Kwa hiyo vifaa vitajilipa nikifika risasi 400 hivi. Sasa niko 260. Bado sijarudisha hela, ila naiona inarudi.

Kwa bastola ya 9mm, msijisumbue. Naokoa senti tano tu kwa risasi.

Kuna jambo sikulitegemea: muda. Juzi usiku nilitumia muda wa masaa mawili kukagua maganda 50 chini ya taa. Moja lilikuwa na ufa shingoni, mwembamba kama unywele. Nikalitupa. Ukiwa na haraka au usingizi, kazi hii iache kabisa. Baruti ikizidi, bunduki inaweza kukupasukia usoni.

Mkuu uliyenishauri ninunue mizani nzuri kwanza, Mungu akubariki.