Tupeane uzoefu: diski ya seva ilipokuwa nzito, uligunduaje chanzo?

Wakuu, habari za kazi. Nauanzisha uzi huu kwa wanaotunza seva za Linux, kwa sababu kilio cha "mfumo umekuwa mzito" hutufikia sote, na mara nyingi ofisi huamua kununua diski mpya kabla mtu yeyote hajapima chochote. Naomba kila anayechangia aeleze vipimo vilimwonyesha nini.

Naanza mimi. Nilikuwa na seva ya hifadhidata ya duka la jumla, yenye diski za kuzunguka katika RAID 5 (diski kadhaa zilizounganishwa zifanye kazi kama moja, ili moja ikifa data isipotee). Ghafla kuhifadhi ankara kukawa kunachukua sekunde kadhaa, ilhali kufungua ripoti kulibaki kwepesi kama kawaida. Nilipoendesha iostat -x, amri inayopima kazi za diski, kwa kila sekunde, safu ya w_await (wastani wa muda wa kusubiri kuandika) ilipita milisekunde 40, na r_await (ya kusoma) haikufika 10. Tofauti hiyo kati ya kuandika na kusoma ndiyo iliyonipeleka kwenye kidhibiti cha RAID, nikakuta betri yake imekufa: kidhibiti, kwa kuhofia umeme kukatika data ikiwa bado kwenye kache (kumbukumbu yake ya muda), kilikuwa kimeacha kuitumia kache hiyo na kulazimisha kila andiko lifike diskini kwanza ndipo kijibu. Diski ya mizunguko 7200 kwa dakika huchukua milisekunde 8.3 kwa mzunguko mmoja, na katika RAID 5 kila andiko dogo hudai kusoma mara mbili na kuandika mara mbili, kwa hiyo kupanda huko hakukuwa na ajabu. Tulibadilisha betri tu, w_await ikashuka chini ya 1.

Mchangiaji wa kwanza:
Mtoa mada, kwangu diski ilisingiziwa. Amri ya top ilionyesha "wa" (asilimia ya muda ambao kichakataji kinasubiri diski) ikiwa juu, na %util ya iostat ikagonga 100, basi kila mtu akaamini diski imechoka. Amri ya vmstat ilisema vingine: safu za "si" na "so" hazikutulia kwenye sifuri hata mara moja, maana yake RAM ilikuwa imejaa na kerneli (kiini cha Linux) inahamisha kurasa za kumbukumbu kwenda diskini na kuzirudisha bila kupumzika. Tulipunguza idadi ya michakato ya PHP iliyoruhusiwa kuendeshwa kwa wakati mmoja, mambo yakatulia.

Mchangiaji wa pili:
Naongezea kuhusu hiyo %util, kwani imewapotosha wengi. Hupima tu sehemu ya muda ambayo angalau ombi moja lilikuwa likishughulikiwa. Kwa diski moja ya kuzunguka, 100 ni dalili nzuri ya kuzidiwa; kwa NVMe, aina ya SSD yenye kasi inayohudumia maombi mengi sambamba, unaweza kuiona 100 na bado ina nafasi tele. Mimi huitazama await (muda wa kusubiri) na urefu wa foleni, aqu-sz, kabla ya kusema lolote.

Mchangiaji wa tatu:
Yangu ilikuwa diski mbovu kweli. Kati ya diski nne za RAID moja, await ya moja ilikuwa mara nyingi zaidi ya wenzake, na smartctl -a, amri inayosoma afya ya diski, ikaonyesha Current_Pending_Sector (idadi ya sekta zinazoshukiwa kuwa mbovu) inaongezeka kila nikirudia. Diski ilikuwa bado haijatangaza kufa. Ilijaribu tena na tena kusoma sekta mbovu, na RAID nzima ikawa inaisubiri. Hali hii ni mbaya kuliko diski inayokufa moja kwa moja, kwa sababu hakuna taa nyekundu inayowaka. Hakikisheni nakala rudufu inasomeka kabla ya kuing'oa, maana kuijenga RAID upya huzitesa zile zilizobaki.

Mchangiaji wa nne:
Kwenye wingu, someni masharti ya diski mnayokodi. Yangu ilipewa kasi ya ziada kwa salio linalopungua kadiri unavyoitumia, na kazi ya nakala rudufu usiku ililimaliza lote, kwa hiyo asubuhi tulibaki na kasi ya msingi.

Mchangiaji wa tano:
Sisi tulisumbuliwa Jumapili tu, tena ile ya kwanza ya mwezi, na ibada ya mtandaoni ikawa inakwama. Faili ya /proc/mdstat ilionyesha ukaguzi wa RAID unaendelea: kwenye Debian tuliyokuwa nayo, mdadm (programu ya Linux ya kusimamia RAID) ilipangiwa kuuanzisha saa 6:57 usiku wa kuamkia siku hiyo. Kuufuta si busara, kwa kuwa ndio unaofichua sekta mbovu mapema. Tuliusogeza hadi usiku wa Jumanne na kupunguza speed_limit_max, kikomo cha kasi ya ukaguzi huo.