KANIZIMA MAIKI MBELE YA NCHI TISA! Eti malori ya Dar yanaingia saa nane za usiku!

Wakuu, nimetoka kikaoni sasa hivi na mikono bado inatetemeka, mnisamehe herufi zikipishana.

Yule bwana mnamjua. Kama kampuni yenu ina matawi zaidi ya nchi mbili basi ameshapita kwenu, na kama hajapita yuko njiani. Yule mshauri wa mifumo ya kompyuta, yule wa "mfumo mmoja". Nairobi, Kampala, Lusaka, Dar, nchi tisa zima, kuanzia tarehe mosi tununue, tupokee, tuuze na tufunge hesabu kwa mfumo mmoja, kana kwamba tumezaliwa tumbo moja.

Leo kikao cha video. Nchi zote zipo, mkurugenzi wa kanda yupo. Bwana kafungua skrini, kaweka grafu ya Dar peke yake, nyekundu kama nyanya za Ilula. Anasema malori mengi ya Dar yanaingia ghalani usiku wa manane. Halafu akauliza, kwa ile sauti ya kumsemesha mtoto wa chekechea, ni nani Dar anayepokea mzigo saa nane za usiku, na anaupokea kwa niaba ya nani.

Wakuu, lile ni daftari la geti! Mlinzi wetu, mzee wa watu, kaandika "lori limeingia saa 2:10". Saa mbili asubuhi! Jua linawaka, mama ntilie ameshamaliza chapati. Vijana wa bwana wamelichukua daftari la mwaka mzima wakalipakia kwenye mfumo kama lilivyo, 02:10. Wamekaa kwetu wiki tatu ndani ya kiyoyozi, na mlinzi yuko hatua kumi kutoka mlangoni kwao. Hakuna hata mmoja aliyetoka kumuuliza.

Nikawasha maiki. Nikasema, "Samahani kiongozi, hizo ni saa za Kiswahili, ukiongeza sita..."

Kanizima. Kanizima maiki, wakuu! Neno "sita" halijaisha mdomoni, naona kile kialama chekundu kimewaka. Naongea, midomo inacheza, nchi tisa zinanitazama. Miaka 19 nimekaa stoo ile, haijawahi kupotea hata katoni moja mikononi mwangu, leo nimefanywa mwizi na nimenyimwa hata sauti ya kusema mimi si mwizi. Kisha akasema suala la Dar litapelekwa kwa wakaguzi, twende Lusaka.

Mengine niliyavumilia. Mfumo ulinakiliwa kutoka Nairobi, ukaja na VAT ya 16 wakati sisi ni 18, nikanyamaza. Haujaunganishwa na mashine ya EFD, ile ya kutolea risiti za kodi, kwa hiyo kila ankara tunaiandika mara mbili, kwanza kwenye mfumo, halafu kwenye mashine, maana mteja bila risiti ya TRA haondoki. Jana dereva wa Tunduma kalala chini ya trela tangu saa tatu asubuhi mpaka saa kumi jioni na tani 30 mgongoni, kisa mfumo unadai msimbo wa posta wa mteja, na mteja ana S.L.P. tu. Nikavumilia. Ila maiki? Mtu unajitetea kwa tuhuma ya wizi, anakuzima maiki?

---

Mtoto wa Vingunguti: Nimekaa paleee, karanga ninazo. Endelea mkuu.

Dada wa Hesabu: Pole sana kaka. Kwetu yule yule alipita mwaka juzi. Alituambia vitabu vyetu vya hesabu ni "vya kienyeji", akaondoka, mwezi wa kwanza kufunga hesabu tulilala ofisini siku nne.

Kauzu wa Kinondoni: Miaka 19 kazini na hujui kubonyeza kitufe ukafungua maiki? Uzi mrefu kama barabara ya Tunduma kwa ajili ya kitufe.

Mwenye uzi: ALIIZUIA. Mwenye kikao akizuia huwezi kufungua mwenyewe. Soma kabla ya kubwabwaja.

Mgeni Kampala: Mkuu, ni wewe?! Mimi nilikuwemo kwenye kikao hicho. Huku sote tulidhani mtandao wako umekatika. Bosi wetu akasema "Dar bando limeisha", watu wakacheka.

Mwenye uzi: Unaona sasa! Unaona! Bando! Kanizima maiki na lawama nimebeba mimi!

Pwani Yetu: Nyinyi wa Bara mwalia na maiki, njooni Mombasa mulie na eTIMS, ule mfumo wa ankara za kodi za kielektroniki. Tangu Januari 2024 KRA, mamlaka ya kodi ya Kenya, yasema gharama isiyo na ankara ya eTIMS haihesabiwi. Mfumo wa hao jamaa umetua hapa hauijui eTIMS ni mnyama gani. Nimekwenda kwa mama anayetuuzia samaki wa kantini nikamwomba ankara ya eTIMS, akanitazama kama nimetokwa na akili.

Dada wa Hesabu: Hahaha, huyo mama angekupiga na changu!

Msomi wa Sinza: Hata Ulaya yanawakuta. Lidl, maduka ya Wajerumani, walianza na SAP, mfumo wa kompyuta wa kuendeshea kampuni, mwaka 2011, wakaja kuachana nao 2018, euro kama milioni 500 zimeteketea. Wao walizoea kuthamini mali kwa bei ya kununulia, mfumo ulijengwa kwa bei ya kuuzia. Kubadilika hawakutaka, wakaukatakata mfumo hadi ukakataa.

Kauzu wa Kinondoni: Kwa hiyo Wajerumani nao walizimwa maiki?

Fundi Saa: Mimi nasema kosa ni la mlinzi. Simu yake inasema 08:10, aandike 08:10. Karne ya ngapi hii?

Mwenye uzi: Mlinzi hana kosa lolote! Anaandika saa kama alivyofundishwa na mama yake. Aliyelipwa kujua ni yule mwenye kompyuta.

Bibi Tanga: Fundi Saa koma. Siku inaanza jua likichomoza, ndiyo maana saa moja ni saa moja. Wewe unaanza siku usiku wa manane, unaanza na wachawi?

Fundi Saa: Bibi, mimi nimekosa ndege ya Mwanza kwa saa hizo. Tiketi 07:00, nikasoma saa saba mchana. Nafika uwanjani, ndege ilishatua Mwanza zamani, mizigo imeshachukuliwa.

Mtoto wa Vingunguti: Afadhali wewe. Nilimkatia mgeni wa Kidenmaki basi la Mbeya, tiketi imeandikwa saa 12:00. Katokea stendi ya Magufuli adhuhuri na chupa yake ya maji. Basi liko Mikumi linaangalia tembo.

Pwani Yetu: Hizo nauli hurudishwa?

Mwenye uzi: Jamani, mada ni maiki. Kesho nina kikao kingine naye saa tatu.

Bibi Tanga: Saa tatu ya nani?

Mtoto wa Vingunguti: Pwani Yetu, hazirudishwi ng'o. Nilimkatia tiketi nyingine, akakaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya tairi.